Mwalimu Aliyezikariri Nyota 30,000

Kila mwaka kurasa hizi hujaa maisha ya marais, majemadari na wanariadha. Si vibaya. Lakini safari hii nimeonelea niwaletee mja wa aina nyingine kabisa: mwalimu wa shule ya msingi ambaye jina lake limo angani, ilhali hakuajiriwa kama mtaalamu wa nyota hata siku moja. Huyu ni George Alcock wa Uingereza.

Nina sababu yangu ya kumchagua. Mara ngapi tumeambiwa kwamba kukariri ni kazi ya kasuku? Ati mwanafunzi anayekariri hana akili, anameza tu na kutapika siku ya mtihani. Mimi neno hilo silikubali hivi hivi, na Alcock ndiye shahidi wangu.

Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1912 mjini Peterborough, mashariki mwa Uingereza. Alipokuwa mtoto wa miaka 8, mwezi wa Aprili 1921, jua lilipatwa, na tangu hapo macho yake yakawa juu. Katika miaka ya 1930 alikuwa akitazama vimondo, vile vimulimuli vya moto ambavyo huku kwetu watu husema nyota imeanguka. Mchana alifundisha watoto, usiku alihesabu vimondo. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja na kupita, na mwaka wa 1953 mwalimu wetu akafunga kibwebwe kutafuta kometi, yaani nyota yenye mkia.

Hapa yafaa nieleze kidogo. Kometi ni donge la barafu na vumbi lililotoka mbali sana. Likikaribia jua, barafu hugeuka mvuke, na mvuke huo pamoja na vumbi ndio mkia tunaouona. Lakini anayeitafuta haoni mkia! Kometi ikiwa bado mbali huonekana kama doa dogo la ukungu tu, na mbingu imejaa madoa ya namna hiyo ambayo si kometi: makundi ya nyota, mawingu ya gesi, na kadhalika. Basi utalijuaje doa geni? Njia ni moja: uyafahamu madoa yote wenyeji, kama mchungaji anavyowafahamu mbuzi wake. Mchungaji haitaji daftari kujua kwamba leo kuna mbuzi wa jirani zizini.

Chombo chake kikuu kilikuwa darubini kubwa ya macho mawili, ya kukuza mara 25, ambayo kila kioo chake cha mbele kilikuwa na kipenyo cha milimita 105. Hebu tupige hesabu. Tundu la mboni ya jicho la mtu hufunguka gizani kwa milimita 7 hivi. Ukigawanya 105 kwa 7 unapata 15, na 15 mara 15 ni 225. Maana yake kila kioo kilikusanya mwanga mara 225 zaidi ya jicho tupu. Tena darubini ya macho mawili humwonyesha mtu eneo pana la mbingu kwa mara moja, na macho yote mawili hufanya kazi bila kuchoka upesi. Darubini ndefu ya jicho moja hukuza zaidi, lakini ni kama kuchungulia uwanja wa mpira kupitia tundu la ufunguo.

Haya, akaanza. Mwaka wa kwanza, patupu. Wa pili, patupu. Uingereza nako mawingu hayaishi, na baridi yake si mchezo. Miaka sita ikapita bila hata kometi moja! Wengi wetu tungekwisha iuza hiyo darubini. Yeye hakufa moyo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 1959 akaona doa asilolijua. Ilikuwa kometi, ya kwanza kugunduliwa kutoka Uingereza kwa muda wa miaka 65. Na kabla watu hawajamaliza kumpongeza, siku tano baadaye, alfajiri, akagundua ya pili. Zilifuata nyingine mwaka wa 1963 na 1965.

Mtu mwingine angetosheka. Alcock akajitwika mzigo ambao mimi hadi leo nashindwa kuuelewa. Aliamua kutafuta nova pia. Nova ni nyota ndogo iliyozeeka ambayo huvuta gesi kutoka kwa nyota mwenzake, gesi hiyo ikarundikana hadi ikalipuka. Basi nyota iliyokuwa haionekani inang'aa ghafla usiku mmoja. Shida ni kwamba nova haina ukungu wala mkia. Ni nukta kama nukta zingine. Ili kuigundua kwa macho lazima ujue kwamba nukta ile jana haikuwepo. Ndipo mwalimu akazikariri nyota, si mia, si elfu, bali 30,000, jinsi zinavyoonekana ndani ya darubini. Alishika ramani kichwani: hapa tatu zimepanga mstari, pale tano zimefanya kama kombe. Wale wanaolalamika kuhusu methali 200, jamani, mpo?

Matunda yalionekana Julai 1967 alipogundua nova katika kundi la nyota liitwalo Delphinus. Hii ilikuwa ya ajabu, maana haikufifia haraka kama wenzake. Iliendelea kung'aa na kufikia kilele mwezi wa Desemba, ikaonekana hata bila darubini. Akapata nyingine 1968, 1970 na 1976. Mwaka wa 1979 serikali yao ikamtunukia nishani ya MBE.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Mei 1983. Januari ya mwaka huo, Marekani, Uholanzi na Uingereza zilikuwa zimerusha setilaiti iitwayo IRAS, ya kupima joto la vitu vilivyo angani. Mwishoni mwa Aprili setilaiti hiyo ikanasa kitu kinachosonga. Tarehe 3 Mei mwalimu mmoja wa Japani, Genichi Araki, akakiona. Saa chache baadaye Alcock, mzee wa miaka 70 aliyekwisha staafu, akakiona naye. Alikuwa wapi? Nyumbani, amepiga magoti ghorofani, akitazama kupitia dirisha lililofungwa kwa darubini ya kukuza mara 15! Hakuna aliyemdokezea. Kometi hiyo ikaitwa IRAS-Araki-Alcock: chombo kimoja cha mataifa matatu na walimu wawili. Tarehe 11 Mei ilipita umbali wa kilomita milioni 4.7 hivi kutoka kwetu, kama mara 12 ya umbali wa mwezi. Tangu 1770 hapakuwa na kometi iliyojulikana kukaribia dunia kiasi hicho.

Sasa, mtu atasema hayo yalikuwa ya zamani. Ni kweli, siku hizi kometi nyingi hugunduliwa na darubini zinazojiendesha zenyewe, na kompyuta ndiyo inayokumbuka. Sibishani na hilo. Ila kompyuta hulinganisha picha ya leo na ya jana, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Alcock kichwani. Kukariri kwake kulikuwa kwa ajili ya kuona. Asiyekariri angetazama nukta ileile, kwa darubini ileile, na asione jipya.

Niongeze jambo moja kwa wale wa Jiografia. Kutoka kijiji cha Farcet alikoishi, sehemu kubwa ya anga ya kusini haichomozi kamwe. Sisi tulio kwenye Ikweta, mwaka mzima ukizunguka, karibu nyota zote hupita juu yetu. Anzeni na Kilimia. Kwa jicho tupu mtahesabu sita au saba, kwa darubini ndogo tu ya mkononi mtaona makumi.

Nova yake ya mwisho aliigundua Machi 1991, akiwa na miaka 78, tena kupitia dirishani. Ilikuwa miongoni mwa nova zinazofifia kwa kasi kubwa kuliko zote zilizojulikana. Angechelewa siku chache ingempita. Jumla zikawa kometi tano na nova tano. Alifariki tarehe 15 Desemba 2000. Sayari ndogo nambari 3174, mojawapo ya mawe yanayolizunguka jua, inaitwa Alcock.