Henry Clifton Sorby na Hadubini Yake

Okota jiwe lolote nje ya darasa lako, kisha ulielekeze kwenye jua. Je, waona chochote ndani yake? Jiwe halipitishi mwanga. Kwa sababu hiyo wataalamu wa zamani walilitazama kwa nje tu, au walilivunja kwa nyundo.

Henry Clifton Sorby alizaliwa mwaka 1826 karibu na Sheffield, Uingereza, mji uliosifika kwa visu na zana za chuma. Ukoo wake ulipata mali kwa kazi hiyo. Baba yake alipofariki, kijana Sorby alirithi fedha za kumtosha. Angeweza kuziongeza kwa biashara, lakini alichagua sayansi.

Mtaalamu mmoja, William Williamson, alimwonyesha jinsi ya kukata meno na mifupa vipande vyembamba ili vitazamwe kwa hadubini. Sorby akaona kuwa mawe nayo yaweza kufanyiwa hivyo. Mwaka 1849 alisugua kipande cha jiwe upande mmoja, akakibandika juu ya kioo, akasugua upande wa pili mpaka kikawa chembamba kuliko ukurasa huu unaousoma. Kazi hii yahitaji subira, kwani ukizidisha kidogo tu, jiwe lote huisha. Mwanga ukapenya, na punje za madini zikaonekana wazi, kila moja na umbo lake.

Sorby hakutosheka kutazama. Alitaka kujua kila aina ya punje ni kiasi gani. Basi alichora punje hizo kwenye karatasi, akazikata kwa kufuata michoro, akazipima kwa mizani. Ikiwa karatasi za aina moja zina nusu ya uzito wote, basi aina hiyo ni nusu ya jiwe. Siku hizi picha ya jiwe huingizwa katika kompyuta, nayo huhesabu nukta badala ya kupima karatasi.

Mwaka 1858 alieleza kuwa ndani ya fuwele za miamba mna vishimo vidogo mno vyenye maji na kipovu. Fuwele ikipashwa moto, kipovu hutoweka. Hapo yaweza kukadiriwa joto lililokuwapo fuwele ilipoumbika.

Wenzake wengi walimcheka. Walisema milima haichunguzwi kwa hadubini. Mjerumani Ferdinand Zirkel hakucheka. Alijifunza kazi hiyo, akaieneza kwao. Sorby naye, katika miaka ya 1860, alikigeukia chuma cha pua cha mji wake, akakisugua na kukitazama vilevile. Alifariki Sheffield mwaka 1908.