Seyyid Barghash, sultani aliyejijengea majumba ya mapumziko pwani ya Unguja

Msimu wa kahawa ukiisha, ujumbe unaoingia hapa studio hubadilika. Badala ya bei ya kilo, watu huuliza safari. Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kimetuandikia kwamba mwaka huu wanachama wake wanataka kugawana kidogo na nyingine waende nayo Zanzibar, siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, wakaione bahari kabla hawajazeeka. Wanauliza waanzie wapi na waone nini.

Njia yenyewe mnaijua. Ukitoka Ngara unapita Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, halafu Dodoma. Pale Dodoma utaona mashamba ya zabibu, ndiko inakotoka mvinyo ya nchi yetu. Kutoka hapo siku hizi unaweza kuacha basi ukapanda treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, kisha boti iendayo kasi ikuvushe kwa muda wa saa mbili hivi. Ukifika Unguja hutakuta zabibu. Huko ni minazi, na mgema akishuka mtini na kibuyu chake, kilichomo ni tembo la mnazi. Sisi wa rubisi tunalinywa kwa heshima tu.

Lakini swali la waone nini linanirudisha kwa mtu mmoja. Karibu kila jengo kubwa la kifalme atakaloonyeshwa mgeni mjini Unguja, na magofu mengi ya ufukweni, yana jina lake. Aliipenda mno pumziko ya pwani, kiasi cha kujijengea majumba kadhaa ya kupunga upepo na reli ya kumpeleka katika mojawapo. Ni Seyyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888.

Alizaliwa yapata mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao ya utawala wa Oman Unguja na kuhimiza kilimo cha karafuu. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki akiwa melini, njiani akirudi kutoka Maskati, na Barghash alikuwa naye chomboni. Kijana huyo hakungoja matanga yaishe. Alijaribu kukamata madaraka mara tu meli ilipofika, lakini akashindwa, na kiti kikaenda kwa ndugu yake Majid.

Mwaka 1859 akajaribu tena, safari hii kwa silaha. Aliungwa mkono na baadhi ya Waarabu wenye mashamba na na dada zake wawili, Khole na Salme. Salme alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitano tu, ila alijua kuandika, jambo ambalo wasichana wa nyumba ile hawakufundishwa, na yeye ndiye aliyewaandikia barua wale waliokula njama. Barghash akajifungia na watu wake katika nyumba ya shambani iliyoitwa Marseilles. Waingereza walikuwa upande wa Majid. Mizinga yao ikatumika, uasi ukavunjika, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Alikaa huko miaka miwili hivi. Bombay ilikuwa na reli, taa za barabarani, maji ya bomba na majumba ya ghorofa yenye nguzo za chuma. Mtu aliyetumwa kule kama adhabu alirudi na picha kichwani ya namna mji unavyoweza kuwa. Mimi naona ndipo alipoanza kuwa sultani, ingawa kiti alikipata miaka tisa baadaye.

Alirudi mwaka 1861. Mwaka huohuo, Mzungu aitwaye Speke, aliyeanza safari yake Unguja akitafuta chanzo cha mto Nile, alipita huku kwetu katika nchi aliyoiita Usui, yaani maeneo ya Biharamulo na sehemu ya Ngara ya leo. Mtawala wa hapa, Suwarora, alimzuia na kumdai hongo mpaka akachoka. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani historia ya sultani wa pwani haituhusu. Misafara ya pwani ilipita katika ardhi hii ikienda Karagwe, ikibeba nguo, shanga na nyaya za shaba, na kurudi na pembe za ndovu. Ushuru wa pembe zile ulilipwa Unguja, na ni sehemu ya fedha zilizojenga majumba tunayokwenda kuyapiga picha.

Majid alifariki Oktoba 1870 na Barghash akatawala. Hakupewa muda wa kupumua. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo vya sultani bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana baada ya hapo ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Mkulima wa kahawa anajua maana ya kupoteza mti uliouhudumia miaka kadhaa kabla ya kukulipa.

Kabla ya jeraha hilo kupona, Waingereza walimjia na dai lao: akomeshe biashara ya watumwa. Alikataa. Wakatishia kuzingira kisiwa kwa manowari. Tarehe 5 Juni 1873 alitia saini mkataba, soko la watumwa la mjini likafungwa na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Mahali pa soko lile Waanglikana wakajenga kanisa lao kuu, ambalo lipo hadi leo. Lazima niseme wazi kwamba mkataba haukuwaacha huru watumwa waliokuwa tayari kwenye mashamba ya Unguja na Pemba. Wao waliendelea kuchuma karafuu, na utumwa wenyewe ulikuja kuondolewa kisheria mwaka 1897, Barghash akiwa kaburini miaka tisa. Ukiambiwa na mtembezaji wageni kwamba sultani alikuwa na mapato makubwa, muulize nani aliyepanda juu ya mikarafuu.

Mwaka 1875 Waingereza walimwalika London. Akaonana na Malkia Victoria, akatembezwa viwandani na kwenye reli, na safarini akapita Ufaransa na Misri. Aliporudi akaanza kujenga kama mtu anayekimbizwa na muda. Alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi zilizoko nje ya mji mpaka mitaani, wananchi wakateka bure. Kwa mji uliozoea visima vichafu na kipindupindu, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko kasri lolote, na kwa maoni yangu ndilo alilostahili kukumbukwa nalo. Alileta mtambo wa kuchapa vitabu vya dini. Alinunua meli za mvuke. Mwaka 1883 akakamilisha Beit al-Ajaib, jumba la maajabu, refu kuliko yote mjini, lenye vibaraza vinavyozunguka kila ghorofa. Halikuwa jumba la kulala bali la sherehe.

Jumba la kulala, na hasa la kupumzika, lilikuwa nje ya mji. Hapo sasa tunafika kwenye safari ya wale wanachama wetu.

Upande wa kusini alikuwa na jumba la Chukwani, lililokaa juu ya bahari mahali penye upepo mwanana. Alikwenda huko kupata nafuu afya yake ilipomsumbua. Leo Chukwani inajulikana zaidi kwa Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1879 alitandika reli ya maili saba, kama kilomita 11, kutoka mjini mpaka jumbani. Mwanzo mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Kumbuka kwamba Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893. Kwa hiyo miaka zaidi ya kumi kabla ya hapo, sultani wa Unguja alikuwa anapanda treni yake kwenda kupunga upepo. Haikubeba karafuu wala abiria wa kulipa nauli. Alipofariki, reli ikang'olewa na injini ikauzwa chuma chakavu.

Upande wa kaskazini, kiasi cha kilomita nne kutoka mjini, alijenga kasri la Marahubi kati ya mwaka 1880 na 1882. Humo waliishi masuria wake, na watembezaji husimulia kwamba walifika 99. Kulikuwa na bustani ya miembe, mabwawa yenye mayungiyungi, na hamamu za kuogea zilizojengwa kwa namna ya Kiajemi. Kinywaji cha karamu za huko hakikuwa mvinyo, kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ibadhi aliyeshika dini yake. Wageni walipewa kahawa na sharubati. Mwaka 1899 kasri likaungua moto.

Wakati anajenga huko ufukweni, bara lilikuwa linamponyoka. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka Usagara na maeneo ya jirani akiwatia machifu kwenye mikataba. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza kuilinda ardhi ile. Barghash alipinga kwa barua, akatuma askari. Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake na kuelekeza mizinga. Ndani ya kundi lile la meli alikuwamo Salme, dada yake, yule mwandishi wa barua za mwaka 1859. Alikuwa ameondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akafiwa na mume, na sasa alirudi kudai urithi wake. Wajerumani waliona anaweza kuwafaa katika shinikizo lao. Kaka yake alikataa kuonana naye. Walikuwa hatua chache tu, yeye chomboni na kaka jumbani.

Waingereza aliowategemea hawakumsaidia. Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikapatana juu ya kichwa chake: aachiwe visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi, kwingine wagawane wao. Huku kwetu hakuna aliyeulizwa. Miaka michache baadaye Wajerumani walifika, na boma lao pale Biharamulo bado limesimama.

Barghash alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Mapema mwaka 1888 alisafiri kwenda Oman kutafuta nafuu, akarejea hali yake ikiwa mbaya, na mwezi Machi akafariki nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka kama 51. Amezikwa katika makaburi ya kifalme karibu na kasri la mjini. Mdogo wake Khalifa alimrithi, na mwaka uleule ukanda wa pwani ukakabidhiwa kampuni ya Kijerumani, Abushiri akaanzisha vita.

Sasa kwa wanachama wetu. Siku ya kwanza tembeeni Forodhani na Mji Mkongwe. Beit al-Ajaib mtaitazama kwa nje, maana sehemu yake ilianguka Desemba 2020 na kuua watu wawili waliokuwa kwenye ukarabati. Nendeni pia pale penye kanisa la Mkunazini mkaone palipokuwa soko. Siku ya pili, asubuhi kabla jua halijakali, pandeni daladala ya barabara ya Bububu mwambie kondakta awashushe Marahubi. Mtakuta nguzo nene za mawe zilizosimama bila kubeba kitu, hamamu zenye paa bovu, na bwawa. Bahari iko hatua chache. Ufukweni hapo mafundi huunda na kutengeneza majahazi kwa mkono, na mkiwasalimu vizuri wanaeleza kazi yao bila haraka. Bebeni maji ya kunywa, na boti ya kurudi kateni tiketi mapema.