Ashidikoni Owen: Mtumishi Aliyeingia Katika Mambo ya Nchi

Jubilii tunayosoma habari zake katika Mambo ya Walawi sura ya 25 haikuwa sikukuu ya kuimba peke yake. Baragumu lilipigwa, na baada ya baragumu shamba lilimrudia mwenyewe, na mtumwa akaenda kwao akiwa huru. Kwa sababu hiyo inafaa, katika jubilii ya kwaya yetu, tumkumbuke mtumishi wa Mungu ambaye hakuona tofauti kati ya kuhubiri Injili na kutetea shamba la mtu maskini. Huyo ni Ashidikoni Walter Edwin Owen.

Owen alikuwa Mwingereza aliyetumwa na shirika la misheni la CMS. Alifika Uganda mwaka wa 1904 na kutumika huko kwa miaka mingi. Mwaka wa 1918 alifanywa Ashidikoni wa Kavirondo. Jina hilo lilibeba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, nchi ya Waluo na ya Waluhya, na Bungoma yetu ilihesabiwa ndani ya Kavirondo ya Kaskazini. Kitale ilikuwa habari nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali iliwagawia walowezi, wengi wao askari waliotoka vitani, mashamba makubwa ya Trans Nzoia. Mtu wa Kimilili aliyepanda kwenda huko kutafuta kibarua alikwenda na kipande kimening'inia shingoni, akalime kwa mshahara mdogo ardhi ambayo wazee wake walisema ni yao.

Mwaka wa 1921 kodi ilifika shilingi 16. Mwezi wa Desemba mwaka huo watu walikutana Lundha, katika nchi ya Gem, wakaanzisha vuguvugu lililoitwa Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Viongozi wake, akina Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, walikuwa vijana waliosomea Maseno, wana wa kanisa. Walitaka kodi ipunguzwe, kipande kiondolewe, na watu wapewe hati za mashamba yao. Miezi michache baadaye, Machi 1922, Harry Thuku alikamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Serikali ikaanza kuliangalia kila kusanyiko la Waafrika kwa hofu.

Hapo ndipo Owen alipoingia. Mwaka wa 1923 Okwiri alimwachia kiti, na chama kikaitwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, Ashidikoni akiwa rais wake. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya, kupanda miti na kuweka nyumba safi. Vilevile walijifunza kuandika malalamiko yao vizuri na kuyapeleka kwa serikali.

Owen mwenyewe alikuwa mwepesi wa kalamu. Alipoona wanawake na watoto wakilazimishwa kufanya kazi ya barabara bila malipo, aliandika habari hizo hadi zikasomwa Uingereza. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka wa 1931, watu walikuwa na sheria ya mwaka uliotangulia, iliyoahidi kwamba ardhi yao ikichukuliwa watapewa ardhi nyingine. Mwaka wa 1932 serikali iliibadilisha sheria hiyo upesi ili wachimbaji wapate njia. Owen alipinga kwa nguvu, kwa kuwa ahadi iliyovunjwa na serikali ya Kikristo iliwakwaza waumini wake. Mwaka wa 1938 alipigania watoto waliokuwa wakiajiriwa katika migodi na mashamba ya majani chai, na serikali ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza jambo hilo.

Walowezi walimchukia. Waligeuza cheo chake kwa mzaha na kumwita jina la shetani. Walisema kazi ya kasisi ni madhabahuni. Owen hakuiacha madhabahu, wala hakunyamaza.

Lakini tusimpake rangi ya malaika. Wako waliosema, na wana hoja, kwamba alipokalia kiti cha Okwiri alipunguza makali ya chama. Vijana waliodai ardhi na hati walijikuta wakihesabu panya na vyoo. Alipenda kuwasemea Waafrika, na kumsemea mtu si sawa na kumpisha aseme mwenyewe. Baadaye Waluhya walijitenga wakaunda chama chao cha Kavirondo ya Kaskazini. Huku kwetu uchungu wa ardhi haukuisha. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyekuwa muumini wa Friends, aliondoka akaanzisha Dini ya Msambwa, na mwaka wa 1948 watu wakauawa kwa risasi Malakisi. Pale ambapo watu hawakuona kanisa likibeba kilio chao, walitafuta madhabahu nyingine.

Owen alifariki mwaka wa 1945. Mwaka mmoja kabla yake, Eliud Mathu alikuwa amekuwa Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, ambamo tangu mwaka wa 1924 Waafrika walisemewa na wamisionari, wa kwanza akiwa Dkt. John Arthur. Owen pia alipenda kuchimbua mambo ya kale. Vyungu vya Urewe alivyovichunguza vinajulikana hadi leo kwa wataalamu, navyo ni ushahidi kwamba watu wa nchi hii walikuwa na ufundi wao karne nyingi kabla ya misheni kufika.

Leo Kitale na Bungoma zina maaskofu wao, makasisi wao na waimbaji wao, nasi hatuhitaji tena mtu wa mbali atusemee. Wajibu huo sasa ni wetu. Mjane anaponyang'anywa shamba na mashemeji, au mtoto anapoachishwa shule akavune mahindi ya watu, mshirika wa kanisa hawezi kusema hayo ni mambo ya siasa. Tuimbe jubilii kwa sauti zote nne, kisha tukaitende tukifika nyumbani. Mungu aibariki kwaya yetu.