Uzuri wa Mkakasi: Maisha ya Leni Riefenstahl

Wasomaji wetu wengi wameiona ile katuni ya simba ya mwaka 1994, The Lion King, na wengine wameiona mara nyingi kuliko walivyosoma Kitabu cha Yona. Sisi tuliiona tena jioni moja ya mapumziko hapa seminarini. Kuna mahali Scar, ndugu yake mfalme, amesimama juu ya jabali, na chini yake fisi wanapita mistari kwa mistari, wakitupa miguu kwa pamoja. Frateri mmoja, aliyesoma historia kabla ya kujiunga nasi, aliomba tusimamishe picha. Akatuambia kwamba gwaride lile halikubuniwa na wachoraji wa katuni. Waliliiga, na hawakuficha kwamba waliliiga, kutoka filamu ya Wanazi ya miaka ya 1930, na aliyeitengeneza alikuwa mwanamke. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kulisikia jina lake.

Leni Riefenstahl alizaliwa Berlin tarehe 22 Agosti 1902. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na hakutaka binti yake acheze jukwaani. Binti akacheza. Goti lilipoumia akageukia filamu, akawa mwigizaji katika picha za milimani za Arnold Fanck, akipanda miamba na kutembea kwenye theluji pamoja na wanaume. Mwaka 1932 aliongoza filamu yake ya kwanza, Das blaue Licht. Mmoja wa walioiandika pamoja naye alikuwa Béla Balázs, Myahudi. Filamu hiyo ilipotolewa upya wakati wa Hitler, jina la Balázs halikuwamo tena. Ni jambo dogo, lakini tunaliweka hapa mapema kwa sababu mambo kama hilo yatarudi.

Mwaka huohuo wa 1932 alimsikia Hitler akihutubia Berlin, akamwandikia barua, wakakutana. Hakuwahi kuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na neno hilo alilishikilia maisha yake yote kama ngao. Lakini Septemba 1934, chama kilipofanya mkutano wake mkuu Nuremberg, kazi ya kuupiga picha alipewa yeye, pamoja na kikosi cha watu zaidi ya 150. Lifti ndogo ilifungwa kwenye nguzo ndefu ya bendera ili kamera ipande na kushuka juu ya umati. Filamu iliyotoka mwaka 1935 ikaitwa Triumph des Willens, yaani Ushindi wa Utashi.

Tulitazama sehemu zake, na tukiri kwamba tulikaa kimya. Ndege inashuka kutoka mawinguni ikimleta mtu mmoja, kama anayetoka mbinguni. Mji unaamka. Usiku kuna mienge na bendera nyingi mno. Watu watatu wanatembea polepole katikati ya maelfu waliosimama kimya, kwenda kuwaheshimu waliokufa vitani. Kilichotusumbua ni kwamba tuliyafahamu mambo hayo yote. Sisi ni watu wa maandamano. Tunajua moyo unavyopanda wakati Ekaristi inapita kati ya watu, ubani unafuka, na kwaya inaitikia. Filamu ile ilitugusa mahali palepale, na aliyeinuliwa mbele ya macho yetu alikuwa Adolf Hitler.

Mwaka 1937, katika maonyesho ya kimataifa ya Paris, filamu hiyo ilipewa medali ya dhahabu. Ilipewa Ufaransa, si Ujerumani tu ambako ingetegemewa. Mwaka huohuo, Dominika ya Matawi, tarehe 21 Machi, waraka wa Papa Pius XI, Mit brennender Sorge, ulisomwa katika makanisa ya Ujerumani. Uliingizwa nchini kwa siri na kuchapwa kwa siri, na baadhi ya mitambo ya uchapaji iliyohusika ikataifishwa.

Kisha ikaja michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936. Riefenstahl alichimbisha mashimo kando ya njia za kukimbilia ili wanariadha waonekane wakiwa juu, kinyume cha anga. Alikaa karibu miaka miwili akikata na kuunga picha zake. Filamu ya Olympia ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 20 Aprili 1938, siku ya kuzaliwa ya Hitler. Haki itendeke: Jesse Owens, Mmarekani mweusi aliyeshinda medali 4 za dhahabu, anaonekana humo kwa utukufu wake wote. Hata mbio za kupokezana mwenge kutoka Ugiriki, tunazozitazama leo kwenye televisheni tukidhani ni desturi ya kale, zilianzishwa kwa ajili ya michezo hiyo ya Berlin. Kamera yake ndiyo iliyozipa sura.

Septemba 1939 alikuwa Poland na kikosi chake cha picha. Katika mji wa Końskie, askari wa Kijerumani waliwaua Wayahudi, naye alikuwepo. Ipo picha ya uso wake umekunjamana kwa hofu. Mwezi uliofuata alipiga picha za gwaride la ushindi la Hitler mjini Warsaw.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo. Kati ya 1940 na 1944 alikuwa akitengeneza filamu ya Tiefland, hadithi ya Hispania, akiwa mwongozaji na mwigizaji mkuu. Alihitaji watu wenye sura zinazofanana na za Wahispania. Waliletwa Wasinti na Waromani, ambao watu wamezoea kuwaita Majipsi, zaidi ya 100, wakiwemo watoto wengi. Walitolewa katika kambi ya Maxglan karibu na Salzburg, na baadaye katika kambi ya Marzahn, Berlin. Kazi ilipokwisha walirudishwa kambini. Wengi wao walipelekwa Auschwitz wakauawa.

Baada ya vita alihojiwa na kuchunguzwa mara kadhaa. Mwishowe aliwekwa katika kundi la waliofuata mkondo, bila adhabu kubwa. Alisema alitafuta uzuri tu, siasa hakuzijua.

Maisha yake yaligusa pia upande wetu wa dunia. Mwaka 1956 alifika Kenya akipanga filamu juu ya biashara ya watumwa. Akapata ajali ya gari, akalazwa Nairobi, na filamu haikukamilika. Akiwa na miaka 70 na zaidi alijifunza kupiga mbizi pwani ya Kenya, akidanganya umri ili akubaliwe. Katikati ya hayo aliishi kwa vipindi kati ya Wanuba wa Sudan, na picha zake za miili yao zilitoka katika vitabu miaka ya 1970. Ulaya na Marekani zilimshangilia, na mwanamuziki Mick Jagger akapigwa picha naye. Mwaka 1975 mwandishi Susan Sontag alipinga. Alionyesha kwamba macho ni yaleyale ya Nuremberg: nguvu inaabudiwa, mwili mkamilifu unatukuzwa.

Wengine hawakusikia, au walisikia wakaendelea. Bendi ya Rammstein ilichukua vipande vya Olympia mwaka 1998. Ridley Scott alimwingiza Commodus mjini Roma katika Gladiator ya mwaka 2000 kwa mtindo wa Nuremberg. Wachambuzi wengi wameona mtindo huohuo mwishoni mwa Star Wars ya 1977, mashujaa wanapopewa nishani mbele ya majeshi yaliyopangwa. Kwa maoni yetu fisi wa Scar ni waaminifu zaidi, maana angalau mtoto anaambiwa kwamba wanaopiga gwaride hilo ni wabaya. Ila tukumbuke kwamba wiki nzima baada ya jioni ile, wimbo uliokuwa ukivumishwa bwaloni ulikuwa wa Scar.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tulibishana kama methali hiyo inamfaa. Mtakatifu Thoma wa Akwino anataja mambo matatu katika uzuri: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Uwiano anao, mng'ao anao. Wenzetu wengine walisema hata ukamilifu anao, kwa hiyo tuuite uzuri uliotumikia uovu. Sisi wengine tulisema picha haiwezi kuwa kamili ikiwa imetengenezwa kwa kumwondoa mtu: Balázs kwenye orodha ya majina, Wasinti kwenye kumbukumbu. Hatukumaliza, kengele ya Masifu ya Jioni ikalia.

Mwaka 2002, akitimiza miaka 100, alidai kwamba Majipsi wote wa Tiefland walinusurika. Walionusurika kweli walimshtaki, akalazimika kuyafuta maneno yake. Alifariki tarehe 8 Septemba 2003, sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria. Tiefland ilikuwa imetoka sinemani tangu 1954 na bado ipo. Watoto wa kambini wanaonekana humo, wakiwa hai.