Origen na Vituo Arobaini na Viwili

Sura ya 33 ya Kitabu cha Hesabu ni orodha ya mahali Waisraeli walipopiga kambi baada ya kutoka Misri. Aghalabu wasomaji huiruka. Origen, aliyezaliwa Aleksandria yapata mwaka 185, aliisoma kuwa ramani ya safari ya nafsi.

Baba yake, Leonides, aliuawa mwaka 202 kwa ajili ya imani yake ya Kikristo. Kijana naye alitamani kufa shahidi. Mama akamficha nguo, asiweze kutoka nje. Mali yao ikatwaliwa na dola. Akiwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, na wadogo sita wa kulishwa, Origen akaanza kufundisha sarufi. Walimu wenzangu na walitie jambo hilo maanani: alikuwa mwalimu wa lugha kabla hajawa bingwa wa Biblia.

Alifundisha kwamba Maandiko, kama mtu, yana mwili, nafsi na roho. Vituo vile arobaini na viwili akavilinganisha na vizazi arobaini na viwili vya Injili ya Mathayo: Kristo alishuka kwa vizazi hivyo, nafsi nayo hupanda kwa idadi iyo hiyo. Huko Mara maji ni machungu, kwani aachaye maisha ya zamani huonja uchungu kwanza. Kisha huja Elimu, penye chemchemi kumi na mbili na mitende, nafsi ipumzike. Lakini haikai hapo. Vituo vingi vingali mbele.

Nikiwa mwanaisimu, siwezi kuzipitisha etimolojia zake zote. Jina Ramesesi alilihusisha na nondo alaye hazina za dunia, ilhali ni jina la Kimisri litokanalo na mungu Ra. Hata hivyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa miaka mingi aliandaa Hexapla, Agano la Kale katika safu sita: Kiebrania, Kiebrania kwa herufi za Kigiriki, na tafsiri nne za Kigiriki, apate kulinganisha neno kwa neno. Asiyejitwisha kazi kama hiyo atalikuta jina Elimu katika Biblia yetu ya Kiswahili na kulijengea mahubiri mazima juu ya shule! Neno letu elimu lina asili ya Kiarabu. Jina la kile kituo ni la Kiebrania, na yaelekea lahusu miti.

Baada ya kutofautiana na Askofu Demetrius, Origen alihamia Kaisaria ya Palestina, akaendelea kufundisha. Mwaka 250, katika mateso ya Kaisari Decius, alifungwa na kuteswa akiwa mzee. Alifariki miaka michache baadaye. Mwaka 543 Kaisari Justinian aliyalaani mafundisho yaliyohusishwa naye, na sehemu kubwa ya maandishi yake ya Kigiriki ikapotea. Mahubiri juu ya vituo yametufikia kwa Kilatini, katika tafsiri ya Rufinus.