Edison: Betri nzuri iliyochelewa sokoni

WENGI wanamfahamu Thomas Edison kwa taa ya umeme. Wachache wanajua kuwa alihangaika takriban miaka 10 kutafuta betri ya magari, na alipoipata, wanunuzi walikuwa wanahamia kwenye petroli.

Edison alizaliwa mwaka 1847 huko Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Akiwa na miaka 12 alikuwa mchuuzi wa magazeti na peremende ndani ya treni iendayo Detroit.

Mwaka 1900 Marekani ilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo, 1,575 yalikuwa ya umeme na 936 tu ya petroli. Yaliyobaki yalikuwa ya mvuke. Wenye uwezo mijini, hasa wanawake, waliyapenda ya umeme kwa sababu hayakuwa na moshi wala kelele, wala hayakuwashwa kwa kuzungusha hendeli. Kikwazo kilikuwa betri za risasi, ambazo ni nzito.

Edison akaunda betri ya chuma na nikeli. Za kwanza zilivuja na kupoteza nguvu. Alisimamisha uuzaji, akarudi maabara, na betri imara ikatoka mwaka 1909.

Lakini soko halikumsubiri. Mwaka 1908 Henry Ford, aliyewahi kuajiriwa katika kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit, alitoa gari la Model T kwa dola 850. Kufikia mwaka 1925 bei ilishuka hadi dola 260. Mwaka 1912 stata ya umeme iliondoa adha ya hendeli. Isitoshe, mashamba mengi hayakuwa na umeme, wakati petroli ilibebeka kwenye debe hadi kijijini.

Mwaka 1914 Ford na Edison walijaribu kuunda gari la umeme la bei nafuu. Halikufika sokoni.

Hata hivyo, betri ile haikuwa hasara. Ilipata wateja migodini, kwenye reli na kwenye magari ya kusambazia mizigo mijini, ikamwingizia faida kubwa. Edison alifariki dunia mwaka 1931.

Kwa mfanyabiashara anayefikiria kununua pikipiki ya umeme leo, somo ni hilo hilo. Kabla ya kulipa, apige hesabu ya bei, umbali wa safari zake na mahali pa kuchaji. Ubora wa betri peke yake hautoshi.