Maisha ya James Chuma na Maana ya Kukomboa

Neno ukombozi twalitamka kila Jumapili, nalo asili yake ni mambo ya deni. Mtu aliyeweka jembe lake rehani hulikomboa kwa kulipa. Hata mtumwa zamani aliweza kukombolewa kwa fedha. Kuokoa ni kutoa hatarini. Kukomboa ni kutoa kifungoni kwa kulipa thamani. Ili tulifahamu neno hili vema, na tutazame maisha ya James Chuma, aliyepita katika njia yetu hii ya misafara.

Chuma alikuwa Myao, akatiwa utumwani angali mtoto. Mwaka 1861, katika nchi iitwayo sasa Malawi, Livingstone na wamisionari waliwafungua watumwa, naye Chuma akawa huru. Hakulipiwa hata senti: aliokolewa. Akasomeshwa Bombay, Uhindi, na tangu 1866 akasafiri na Livingstone. Mwaka 1872 walikaa Kwihara, si mbali na Isevya.

Mei 1873 Livingstone akafa kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Chuma angaliweza kwenda zake, wala hapana ambaye angalimshika. Lakini yeye, Susi na wenzao waliukausha mwili wakauchukua. Oktoba walipofika Kwihara, ofisa Mwingereza Cameron akawashauri wauzike pale, wakakataa. Huko mbele wenyeji walipozuia maiti isipite, wakaufunga kama mtumba wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, wakapewa mshahara wao wakaachwa. Mwili ukazikwa London Aprili 18, Chuma asiwepo.

Baadaye Chuma alifika Uingereza, akarudi akaongoza misafara, na ule wa Keith Johnston na Joseph Thomson wa 1879. Akafa Unguja mwaka 1882.

Twajifunza nini? Mzigo ule haukuwa bei ya uhuru wake, kwa maana huru alikuwa tangu utoto. Aliuchukua kwa kupenda. Nasi tulikombolewa kwa bei kubwa, si kwa fedha bali kwa damu ya Bwana, wala hapana salio tulilobakiziwa. Basi ninyi waalimu, mnapowafundisha wanafunzi wa ubatizo, angalieni wasidhani kwamba kazi njema ni malipo ya deni. Deni limekwisha, kazi njema ni mzigo ambao mtu huru huuchukua kwa furaha.